Kinachobaki Digrii Inapopanda: Mhadhara juu ya Polinomia Othogonali na Vikomo Vyake vya Jumla

Naanza kwa kutaja lengo ili kila msikilizaji ajue anapelekwa wapi. Nataka kueleza jambo moja kuhusu jamii ya polinomia ziitwazo othogonali. Digrii ya polinomia hizi inapopanda bila mwisho, nasi tukazitazama kwa karibu sana, karibu kila kitu tulichokitumia kuziunda hufutika, na hubaki fomula moja ile ile. Tabia hii nitaiita ujumla. Kisha nataka kutetea msimamo ambao huenda wengine hapa wasiukubali mara moja. Kwa muda mrefu ujumla ulihesabiwa kuwa tokeo la mwisho, linalofikiwa tu baada ya kuujua kwa undani mwenendo wa kila polinomia. Nadai kwamba mambo yako kinyume. Ujumla ndio ulio karibu zaidi na msingi, husimama hata pale ambapo mwenendo wa polinomia moja moja haujulikani, na dhana zinazouthibitisha ni chache kiasi cha kufundishika kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Nitakwenda kwa hoja nne, na pingamizi nitazijibu kila zinapojitokeza.

Kwanza tuelewane maana. Chukua kipande cha mstari wa namba kuanzia −1 hadi 1. Kila mahali juu ya kipande hicho weka uzito, yaani namba isiyo hasi inayosema mahali hapo pahesabiwe kwa kiasi gani. Uzito unaweza kuwa sawa kote, unaweza kupanda kuelekea ncha, unaweza kuwa na mabonde na vilima. Polinomia mbili huwa othogonali kwa uzito huo iwapo tukizizidisha, tukazidisha tena kwa uzito, kisha tukatafuta intigrali ya kipande kizima, jibu ni sufuri. Wazo ni lile lile la mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba. Tukishakubaliana kwamba kizigeu cha juu ni chanya na kwamba intigrali ya mraba wa polinomia pamoja na uzito ni 1, basi kila uzito una mfuatano wake mmoja tu wa polinomia, moja kwa kila digrii. Uzito ulio sawa kote hutoa polinomia za Legendre, ambazo Mfaransa Adrien-Marie Legendre alizifikia katika miaka ya 1780 akichunguza nguvu za mvutano wa magimba yenye umbo la sayari. Uzito wa 1/√(1−x²), unaopanda sana kwenye ncha, hutoa polinomia za Mrusi Pafnuty Chebyshev. Tukiacha kipande na kuchukua mstari wote kwa uzito wa e kwa kipeo cha −x², tunapata polinomia za Hermite. Mwaka 1939 Gábor Szegő, mzaliwa wa Hungaria, alichapisha kitabu kizima juu ya jamii hii, na hadi leo hakuna anayeingia katika somo hili bila kupitia mlango wake.

Hoja ya kwanza: namba zenyewe

Polinomia othogonali ya digrii n ina mizizi n, yaani sehemu n ambapo thamani yake ni sufuri. Mizizi yote ni namba halisi, hakuna miwili inayolingana, na yote imo ndani ya kipande chenye uzito. Ninachouliza ni jinsi inavyojipanga. Tuchukue polinomia ya Legendre ya digrii 10. Mizizi yake mitano ya upande chanya, kwa tarakimu nne za desimali, ni 0.1489, 0.4334, 0.6794, 0.8651 na 0.9739, mitano mingine ni hiyo hiyo kwa alama hasi. Ukiitazama hivi huoni utaratibu wowote, isipokuwa kwamba inasongamana karibu na ncha. Sasa chora nusu duara juu ya kipande, kitovu chake kikiwa sufuri, upandishe kila mzizi wima mpaka ukutane na nusu duara, kisha upime pembe yake kutoka upande wa kulia. Utapata nyuzi 13.12, 30.11, 47.20, 64.32 na 81.44. Toa moja kwa nyingine: 16.99, 17.09, 17.12, 17.12, na nafasi inayovuka katikati ni 17.12 tena. Mizizi iliyoonekana kutawanyika ovyo imepangwa juu ya nusu duara kwa hatua zinazolingana. Kwa polinomia ya Chebyshev ya digrii 10 hatua hizo ni nyuzi 18 kamili, bila tofauti yoyote, kwa sababu polinomia hiyo ndiyo kosaini ya pembe mara kumi. Mtu makini atauliza mbona 17.12 si 18. Jibu ni kwamba hatua ya Legendre inakaribia 180 gawanya kwa n + ½, na ya Chebyshev ni 180 gawanya kwa n. Kwa digrii 100 ni 1.791 dhidi ya 1.8, na kadiri digrii inavyopanda uwiano wao unaelekea 1. Uzito wa Legendre na uzito wa Chebyshev havifanani hata kidogo, mmoja ukiwa bapa na mwingine ukielekea kuwa mkubwa bila mpaka kwenye ncha, lakini mizizi ya ndani inajipanga kwa namna moja.

Msikilizaji anaweza kunijibu kwamba nimechagua mifano miwili iliyo ndugu, yote juu ya kipande kimoja. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo sababu namleta Hermite, ambaye uzito wake uko juu ya mstari usio na mwisho. Mizizi chanya ya polinomia yake ya digrii 10 ni 0.3429, 1.0366, 1.7567, 2.5327 na 3.4362. Hapa hatua hazilingani. Pale katikati ni 0.686, halafu zinapanuka mpaka 0.903 kwenye jozi ya mwisho. Lakini msongamano wa mizizi ya Hermite kwa ujumla wake unajulikana. Unafuata umbo la nusu duara, na kutokana na umbo hilo hatua inayotarajiwa karibu na x ni π gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2n + 1 − x². Weka n kuwa 10, na x iwe katikati ya jozi ya mizizi unayoichunguza. Kwa jozi ya katikati fomula inatoa 0.686, kwa jozi ya 1.0366 na 1.7567 inatoa 0.720, na tofauti halisi ni 0.720, kwa jozi ya mwisho inatoa 0.903, na tofauti halisi ni 0.903. Kwa hiyo tukipima kila mahali kwa kipimo cha msongamano wa mahali hapo, mizizi ya Hermite nayo imepangwa kwa hatua ya 1, kisha 1, kisha 1. Uzito uliamua jambo moja tu, nalo ni msongamano. Mpangilio wa jirani na jirani haukuuliza uzito ni upi.

Namba za digrii 10 si uthibitisho, na sizitoi kama uthibitisho. Nazitoa kwa sababu zinaonyesha kwamba tabia hii haingoji digrii kubwa za kutisha. Iko pale pale mezani, kwa mwanafunzi mwenye kikokotoo.

Hoja ya pili: kwa nini ni saini

Sasa tutafute sababu. Kiungo kikuu cha somo hili ni kile tunachokiita keneli, ambayo nitaiandika K(x, y). Chukua polinomia zote za mfuatano kuanzia digrii 0 hadi n − 1; kila moja itathmini kwenye x na kwenye y, zidisha thamani hizo mbili, kisha jumlisha. Jumla hiyo yenye viungo n ndiyo keneli. Katika karne ya 19 Elwin Christoffel, mwaka 1858, na Gaston Darboux, mwaka 1878, waligundua kwamba jumla hii ndefu inakunjika: inatosha kuzijua polinomia mbili tu za mwisho, ya digrii n na ya digrii n − 1, kisha kugawanya kwa x − y. Viungo mia moja, viungo milioni moja, vyote vinamezwa na viwili. Kwa hiyo anayejua mwenendo wa polinomia za digrii kubwa anaijua keneli. Kutoka katika fomula hiyo hiyo linapatikana jambo tutakalolihitaji: x ikiwa mzizi wa polinomia ya digrii n, basi keneli K(x, y) inakuwa sufuri kwenye kila mzizi mwingine wa polinomia hiyo.

Szegő alitupa mwenendo huo kwa uzito usiokuwa mkaidi sana. Ndani ya kipande, polinomia ya digrii n ikitazamwa kwa pembe θ inafanana na kosaini ya nθ ikiongezwa pembe nyingine, yote ikizidishwa kwa kimo fulani. Uzito umejificha katika sehemu mbili: katika kimo, na katika ile pembe iliyoongezwa. Naomba tutulie hapa, maana hapa ndipo siri ilipo. Tukitaka kuona mizizi jirani inavyokaa, tunatazama dirisha dogo lenye upana wa kiasi cha 1/n. Ndani ya dirisha hilo dogo, kimo hakipati nafasi ya kubadilika, na pembe iliyoongezwa nayo haipati nafasi ya kubadilika. Kinachobadilika ni nθ peke yake, kwa kuwa n ni kubwa. Tukiigawanya keneli kwa thamani yake ya kwenye ulalo, yaani K(x, x), kimo kinajifuta juu na chini. Pembe iliyoongezwa inatoweka kwa sababu fomula ya Christoffel na Darboux inalinganisha sehemu mbili zenye pembe karibu ile ile. Kinachosalia ni saini ya πt gawanya kwa πt, ambapo t ni umbali kati ya sehemu hizo mbili ukipimwa kwa msongamano wa hapo. Saini hiyo inakuwa sufuri t inapokuwa 1, 2, 3 na kuendelea, na hizo ndizo hatua sawa tulizozikuta katika hoja ya kwanza.

Hapa kuna pingamizi ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa watu wa takwimu: hii si ile kanuni ya kikomo cha kati tunayoifundisha kila mwaka, ambapo jumla ya mambo mengi ya nasibu huishia kwenye umbo la kengele? Kufanana kupo kwa juu juu, kwa maana kwamba katika zote mbili chimbuko linasahauliwa. Lakini kikomo cha kati kinazungumzia mambo yasiyotegemeana, au yanayotegemeana kwa udhaifu, na mtikisiko wake hupimwa kwa kipeuo cha pili cha n. Mizizi ya polinomia, na zaidi yake thamani maalumu za matriksi za nasibu nitakazozitaja baadaye, zinategemeana kwa nguvu kubwa. Kila moja inawasukuma majirani zake, na kwa sababu hiyo hatua zake ni za utulivu ambao mambo huru hayana. Tupa namba mia moja kwa nasibu juu ya mstari na utakuta nyingine zimebanana na nyingine zimeachana sana. Saini yetu inakataza jambo hilo. Ni sheria nyingine, yenye chanzo kingine.

Hoja ya tatu: ujumla hauhitaji mwenendo

Nimefika penye kiini cha msimamo wangu, na nitakaa hapa muda mrefu zaidi.

Njia niliyoieleza sasa hivi inatoka kwenye mwenendo wa polinomia kwenda kwenye keneli. Kwa njia hiyo, ili kupata ujumla lazima kwanza upate Szegő, na Szegő anadai mengi. Ukitaka mwenendo sahihi wa polinomia kwenye sehemu fulani, uzito wako lazima uwe laini kiasi fulani pale, na uwe na adabu mahali pengine pote kwenye kipande. Uzito ukiwa sufuri kabisa juu ya kijisehemu kimoja mbali na pale unapotazama, sharti lake kuu linavunjika. Watafiti wa mwisho wa karne ya 20 walifika mbali sana kwa njia hii. Leonid Pastur na Mariya Shcherbina walitoa uthibitisho mwaka 1997. Pavel Bleher na Alexander Its wakafuata mwaka 1999. Na mwaka huo huo Percy Deift pamoja na wenzake wanne walitumia mbinu ya matatizo ya Riemann na Hilbert, ambayo Deift na Xin Zhou walikuwa wameitengenezea njia mwaka 1993, wakapata matokeo ya usahihi wa kustaajabisha. Sina neno dogo la kusema juu ya kazi hiyo. Anayetaka kujua kosa ni kubwa kiasi gani kwa kila n hana budi kuipitia. Lakini ilileta picha kwamba ujumla ni mali ya uzito laini, na kwamba lazima ubebe vifaa vizito ili kuufikia.

Mwaka 2009 Doron Lubinsky, aliyesomea Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg, na aliyekuwa wakati huo Georgia Tech nchini Marekani, alichapisha katika jarida la Annals of Mathematics makala iliyoibadili picha hiyo. Yeye haanzi na polinomia moja moja. Anaanza na ulalo wa keneli, K(x, x), ambao una maana inayoeleweka bila kutaja othogonali kabisa. Chukua polinomia zote zenye digrii chini ya n ambazo thamani yake kwenye x ni 1. Kwa kila moja tafuta intigrali ya mraba wake pamoja na uzito. Ipi inatoa jibu dogo kuliko zote? Jibu hilo dogo kabisa ni 1 gawanya kwa K(x, x). Kwa hiyo ulalo ni suala la kutafuta kidogo kabisa, na masuala ya namna hiyo yana fadhila moja kubwa: ukiongeza uzito mahali popote, jibu haliwezi kupungua. Fadhila hii ya kulinganisha ndiyo inayobeba uthibitisho wote.

Tuone kwa namba, kwa uzito wa Legendre na x ikiwa sufuri. Kwa n = 1 polinomia pekee inayoruhusiwa ni 1 yenyewe, na intigrali yake kutoka −1 hadi 1 ni 2. Tukizidisha jibu dogo kabisa kwa n, kwa n = 1, 3, 5, 7 na 9 tunapata 2, kisha 2.667, 2.844, 2.926 na 2.972. Kwa n = 2, 4, 6, 8 na 10 tunapata 4, kisha 3.556, 3.413, 3.344 na 3.302. Safu moja inapanda, nyingine inashuka, na zote mbili zinaelekea π. Hilo si la bahati. Kwa uzito wowote w ulio endelevu karibu na x, na wenye adabu ya wastani kwingineko, jibu dogo kabisa likizidishwa kwa n linaelekea π mara kipeuo cha pili cha 1 − x² mara w(x). Attila Máté, Paul Nevai na Vilmos Totik walilithibitisha hilo katika hali pana mwaka 1991. Angalieni kilichoingia katika jibu: thamani ya uzito pale pale kwenye x, na hakuna kingine. Vilima vya mbali vimesahauliwa tayari.

Ulalo basi unajulikana. Lakini ujumla unahusu x na y zilizo tofauti, nje ya ulalo. Hapo ndipo alipo Lubinsky. Chukua uzito wa namna mbili, mmoja usiozidi mwingine popote, na keneli zake mbili. Tofauti ya keneli hizo, ikitazamwa kwa y huku x ikishikiliwa, ni polinomia ya digrii chini ya n. Tafuta intigrali ya mraba wake pamoja na uzito mdogo. Ukiufungua mraba huo, utakuta hauzidi tofauti ya ulalo mbili kwenye x. Kisha tumia maana ya ulalo niliyoieleza sasa hivi kuizuia thamani ya polinomia hiyo kwenye y. Tokeo ni kwamba ulalo zikikaribiana kwenye sehemu moja, keneli nzima zinakaribiana katika ujirani wake. Uthibitisho huu unaenea ubaoni kwa mistari michache, na kila mstari unatumia mambo ambayo mwanafunzi wa aljebra ya mstari anayo tayari. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni nyepesi. Unaulinganisha uzito wako na uzito bapa wa Legendre uliozidishwa kwa namba moja ili walingane pale kwenye x. Ulalo zao zinaelekea kitu kimoja, basi keneli zao zinaelekea kitu kimoja, na keneli ya Legendre imejulikana tangu zamani kwamba inaelekea saini.

Nini kimetokea hapa? Tumepata ujumla kwa uzito ambao mwenendo wa polinomia zake moja moja haujulikani, na hata pengine haupo katika maana ya Szegő. Polinomia ya digrii 1000 inaweza kuyumba kwa namna tusiyoweza kuiandika, na bado jumla ya elfu moja ya kwanza inatii saini. Kwa ajili hiyo nasema tulikuwa tumeupanga mlolongo kinyume. Aliyefundishwa kwamba lazima kwanza ajue kila polinomia ndipo ajue keneli amepewa njia moja sahihi na kuambiwa kwamba ndiyo njia pekee.

Mpinzani hodari atanikumbusha kwamba hata Lubinsky alihitaji sharti juu ya uzito mzima: kwamba usiwe mwembamba mno mahali popote kiasi cha kuziruhusu polinomia kukua kwa kasi ya kipeo. Kweli alihitaji sharti hilo mwaka 2009. Lakini mwaka 2021 Benjamin Eichinger, Milivoje Lukić na Brian Simanek walitoa njia inayotazama sehemu moja tu na tabia ya uzito katika ujirani wake, bila sharti lolote juu ya maeneo ya mbali. Jinsi masharti yanavyozidi kupungua ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ujumla ni jambo la mahali, na ni la msingi.

Hoja ya nne: kisichosahauliwa

Sitaki kumwacha mtu na fikra kwamba kila mahali ni saini. Kwenye ncha za kipande, yaani pale uzito unapokatwa kwa ukuta wa −1 na 1, keneli inaelekea fomula ya Bessel, na fomula hiyo inakumbuka namba moja ya uzito: kipeo kinachoeleza jinsi uzito unavyopanda au kushuka kwenye ncha. Kwenye ukingo wa Hermite hakuna ukuta. Mizizi inakoma yenyewe, na mkubwa kuliko yote uko karibu na kipeuo cha pili cha 2n + 1, ukipungua kidogo kwa kiasi kinachotokana na fomula ya Airy. Michel Plancherel na Walter Rotach walieleza mwenendo huo mwaka 1929. Kwa n = 10 makadirio hayo yanatoa takriban 3.47, na mzizi halisi ni 3.44. Na ikiwa uzito una sufuri au mwiba ndani ya kipande, Arno Kuijlaars na Maarten Vanlessen walionyesha mwaka 2003 kwamba keneli nyingine ya jamii ya Bessel inashika nafasi ya saini pale pale.

Je, hili linaubomoa ujumla? Wapo wanaosema hivyo, kwamba jina ni kubwa kuliko kitu. Naona linauimarisha. Orodha ya keneli ni fupi: moja kwa ndani, moja kwa ukuta, moja kwa ukingo laini, na chache kwa sehemu zenye kasoro. Aina za uzito hazina idadi, na aina za sehemu zinahesabika. Kujua sehemu yako ni ya aina gani kunatosha. Tena fomula zenyewe zinatuambia kwa usahihi ni habari gani inadumu na ipi inapotea, jambo ambalo maneno matupu ya kwamba mambo yanafanana yasingeweza kutuambia.

Ndugu zangu, kuna atakayeuliza faida. Nitataja tatu kwa ufupi. Ya kwanza ni ya kila siku: tangu Carl Friedrich Gauss alipochapisha mbinu yake mwaka 1814, mizizi ya polinomia hizi ndiyo mahali bora pa kupima thamani unapotafuta intigrali kwa namba, na kwa sehemu n tu unapata jibu kamili kwa kila polinomia hadi digrii 2n − 1. Ukipima kwenye −0.5774 na 0.5774 peke yake, tayari umepata jibu kamili la kila polinomia ya digrii 3. Ya pili ni fizikia. Katika miaka ya 1950 Eugene Wigner alipendekeza kwamba viwango vya nishati vya viini vizito vya atomu, kama urani, vichunguzwe kwa matriksi za nasibu, na kwa matriksi changamano za Gauss uwezekano wote wa thamani maalumu unaandikwa kwa keneli ya Hermite. Viini halisi vinafuata tawi la karibu, lile la matriksi halisi zenye ulinganifu, ila hesabu yake inasimama juu ya polinomia hizi hizi. Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1972, kule Princeton, Hugh Montgomery alimweleza Freeman Dyson fomula aliyoikisia kwa umbali kati ya sufuri za zeta ya Riemann, zile zinazotawala namba tasa. Fomula hiyo ni 1 toa mraba wa uwiano wetu ule, saini ya πt gawanya kwa πt, na Dyson aliitambua papo hapo kwa kuwa ndiyo ya matriksi zake za nasibu. Mwaka 1987 Andrew Odlyzko alichapisha hesabu za sufuri laki moja zilizo karibu na sufuri ya trilioni moja, na zilikubaliana na fomula hiyo kwa ukaribu mkubwa. Uthibitisho kamili bado haupo. Saini iliyotoka kwenye mizizi kumi ya Legendre imeonekana penye namba tasa, na sababu yake haijulikani kwa mtu yeyote.

Naelekeza macho mbele. Maswali yaliyo wazi ni mengi, na si yote yanadai maabara au fedha. Ni uzito wa namna gani, hata ule usio na msongamano wowote wa kawaida, bado unatoa saini? Keneli inaelekea kikomo chake kwa kasi gani pale uzito usipokuwa laini? Haya ni maswali ya kalamu, ubao na subira. Idara zetu za hisabati zina wanafunzi wanaomaliza wakiwa wanaijua aljebra ya mstari na intigrali, na uthibitisho wa Lubinsky unahitaji hayo mawili. Naziomba ziuweke katika somo la mwaka wa tatu, kabla ya mbinu nzito na si baada yake. Nanyi walimu wa sekondari, nawaomba jambo dogo zaidi: siku mkimaliza kufundisha kosaini, wapeni wanafunzi mizizi mitano ya Legendre niliyoitaja, waambieni wachore nusu duara, na wapime pembe wenyewe.